Kondo Likilindwa, Sindano ya Mama Humfikia Mtoto

Mtoto akizaliwa leo katika hospitali ya misheni ya Lwak, au Madiany, au kituo cha afya cha Ong'ielo, hudungwa BCG ya kuzuia kifua kikuu na kutiwa matone ya polio mdomoni. Kisha muuguzi huandika tarehe kwenye kijitabu cha kliniki na kumwambia mama arudi mtoto akitimiza wiki sita. Katika wiki hizo sita mtoto hana chanjo ya pepopunda, hana ya kifaduro, hana ya nimonia wala ya kuhara kwa rotavirusi. Anaishi kwa kinga aliyotoka nayo tumboni. Kwa hiyo swali la kujiuliza wewe mjamzito wa Asembo, hapa kaunti ya Siaya, mapema kabisa, ni hili: mwanangu atatoka na nini?

Kinga hiyo ni kingamwili za mama. Ni askari wadogo walio katika damu yako, kila kundi likijua ugonjwa wake kwa sababu uliwahi kuugua au kuchanjwa. Huvuka kondo la nyuma na kuingia kwa mtoto, kidogo kidogo katikati ya mimba, halafu kwa wingi kuanzia wiki ya 28 hadi siku ya uchungu. Mtoto aliyetimiza miezi yake anaweza hata kuzaliwa na kingamwili nyingi kuliko alizo nazo mama mwenyewe. Aliyezaliwa kabla ya wakati hutoka na chache, kwa kuwa muda wa kuvuka ulikatizwa. Na zote ni za muda: hupungua kwa nusu kila baada ya wiki tatu au nne, mpaka mtoto abaki na zile anazojitengenezea mwenyewe kwa chanjo zake.

Katika ratiba ya serikali ya Kenya, chanjo anayopewa kila mjamzito ni Td, inayokinga pepopunda na dondakoo. Akina mama wengi bado huiita sindano ya tetanasi. Dozi ya kwanza hutolewa siku ya kwanza unapofika kliniki. Ya pili hufuata baada ya wiki nne au zaidi, na inafaa iwe imekamilika angalau wiki mbili kabla ya kujifungua, maana mwili huhitaji muda wa kutengeneza kingamwili na kondo nalo huhitaji muda wa kuzivusha. Dozi mbili hukukinga kwa takriban miaka mitatu. Ya tatu, miezi sita baadaye au katika mimba inayofuata, hukufikisha miaka mitano; ya nne, mwaka mmoja baada ya hapo, miaka kumi; na ya tano hukukinga umri wako wote wa kuzaa. Ndiyo maana namsihi kila dada asitupe kijitabu mtoto akishaanza shule. Anayefika na mimba ya tatu bila kumbukumbu yoyote huanzishwa upya, na muuguzi hana njia ya kujua kwamba tayari alikuwa na dozi nne.

Pepopunda ya mtoto mchanga haitoki mbali. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na kwenye mavi ya mifugo, na huingia kupitia kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu au kilichopakwa kitu. Mtoto hunyonya vizuri siku mbili tatu za mwanzo, kisha taya linakaza, anashindwa kushika ziwa, mwili unakakamaa, anapinda mgongo kila akiguswa au akisikia sauti. Akishafika hapo, hata katika hospitali kubwa, kumwokoa ni vigumu sana. Kenya ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 kuwa imetokomeza pepopunda ya akina mama na watoto wachanga kama tatizo la afya ya umma. Vijidudu havijaenda popote, viko shambani na katika zizi lile lile. Kilichobadilika ni kwamba akina mama wanachanjwa na wengi wanajifungua mahali safi. Siku tukiacha hayo, ugonjwa utarudi.

Hapo ndipo mazungumzo mengi ya chanjo ya wajawazito huishia: nenda ukadungwe. Kwa msomaji wa Nairobi au Nyeri huenda yakatosha. Kwa mama wa Asembo, Uyoma au Sakwa hayatoshi, kwa sababu sindano inaingia mkononi mwa mama, lakini kinga lazima ipite kwenye kondo, na kondo la mama wa ukanda wa Ziwa Victoria lina maadui wawili.

Adui wa kwanza ni malaria. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulikuta vimelea vya malaria katika watoto 19 kati ya kila 100 ukanda wa ziwa, wakati kwa nchi nzima walikuwa 6. Mwanamke aliyekulia hapa ana uvumilivu wa malaria, na huo ndio mtego. Vimelea vya mimba hujibandika ndani ya kondo, mahali pa kujificha ambapo mwili wa mwenye mimba ya kwanza haujawahi kupambana napo. Anaweza asiwe na homa, asitetemeke, na kipimo cha damu ya kidole kisionyeshe kitu, huku kondo limejaa vimelea. Mtoto hupungukiwa chakula na kuzaliwa na uzito mdogo, mama hupungukiwa damu, na kingamwili hukwama njiani.

Hili la kukwama si dhana. Watafiti waliochunguza akina mama na watoto wao wachanga Kilifi walichapisha matokeo mwaka 2007: watoto ambao makondo yao yalikuwa na malaria ya muda mrefu au alama za malaria iliyopita walizaliwa na kingamwili za pepopunda pungufu kwa takriban nusu. Kwa watoto wa akina mama wenye virusi vya Ukimwi upungufu ulikuwa kama huo huo. Mama amechanjwa, kadi imeandikwa, na bado mtoto anapata nusu ya kilichomstahili. Adui wa pili, basi, ni HIV, na katika kaunti ya Siaya utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba zaidi ya watu wazima 15 kati ya kila 100 wanaishi na virusi hivyo.

Ninayosema juu ya kondo yana mizizi hapa hapa nyumbani. Taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI na washirika wake wa CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, wamefanya kazi magharibi mwa Kenya tangu mwaka 1979. Mwaka 1992 walianzisha mradi uliobeba jina la Asembo Bay, wakafuatilia wajawazito na kisha watoto wao, kijiji kwa kijiji, kutaka kujua mtoto anajengaje kinga ya malaria. Miaka michache baadaye vijiji vya Asembo, kisha Gem, vikaingia katika jaribio la neti zilizotiwa dawa. Kwa wanawake waliolala ndani ya neti kila usiku katika mimba zao nne za mwanzo, watoto waliozaliwa na uzito mdogo au kabla ya kutimiza miezi walipungua kwa takriban robo. Hata maboma yasiyokuwa na neti, yaliyo ndani ya mita 300 hivi kutoka yale yenye nazo, yalinufaika, kwa kuwa mbu walikuwa wakifa. Matokeo yake yalisaidia kuishawishi Afrika nzima kwamba neti inaokoa watoto. Bibi na mama zetu walihesabiwa, wakatobolewa vidole na kupimwa makondo ili elimu hii ipatikane. Naona uchungu ninapokuta neti ya mjamzito imezungushiwa vifaranga au imetandazwa chini ya omena.

Neti hiyo hutolewa bure kwenye kliniki ya wajawazito. Idai siku ya kwanza. Itundike juu ya kitanda unacholalia wewe, si cha sebuleni kwa wageni, na uingie ndani kabla hujasinzia. Ikichanika, ishone.

Pamoja na neti kuna vidonge vya SP, ambavyo wengi wetu tunavijua kwa jina la Fansidar. Kenya ilianza kuwapa wajawazito dawa hii ya kinga mwaka 1998, baada ya utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya kuonyesha kwamba inasafisha kondo. Ukishapita wiki 13 za mimba, unapewa vidonge vitatu kwa mpigo, unavimeza mbele ya muuguzi, na unarudia katika kila ziara, zikipishana wiki nne au zaidi, hadi kujifungua. Lengo ni dozi tatu au zaidi. Usivifunge kwenye leso ukavimeze nyumbani. Ukifika nyumbani kuna kuni, kuna maji, kuna mtoto mwingine, na vidonge vinasahaulika juu ya kabati. Usiseme pia kwamba huna malaria, huvihitaji. Vinatolewa bila kipimo kwa sababu kipimo hakioni kilichojificha ndani ya kondo. Ukinunua foliki asidi dukani, mwonyeshe muuguzi: ile ya miligramu 5 huidhoofisha Fansidar, lakini ile iliyochanganywa na vidonge vya damu vya kliniki haina shida.

Mama anayeishi na HIV na anayemeza Septrin kila siku hapewi Fansidar; dawa hizo mbili ni za jamii moja na kuzichanganya kuna madhara, na Septrin yenyewe inasaidia kuzuia malaria. Kwake neti ina uzito zaidi. Dawa za ARV ndizo zinazolinda uzazi wake wote: zinashusha virusi, zinamkinga mtoto asiambukizwe, na zinaupa mwili wa mama nafuu ya kutengeneza kingamwili zake. Kama unaogopa kupimwa kwa sababu ya mume au mama mkwe, mwambie muuguzi mkiwa wawili tu. Ana njia za kukusaidia, na hulazimiki kuanza na tangazo la familia.

Sasa nizungumzie uvumi, maana haujaisha. Mwaka 2014, wakati wa kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake wa umri wa kuzaa, maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini walidai kwamba chanjo ile imetiwa homoni ya mimba iitwayo hCG ili kuwafunga wanawake uzazi. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Walieleza kwamba vipimo vilivyotumika vilikuwa vya mashine za kupima damu na mkojo wa binadamu, ambazo zikiwekewa maji ya chanjo hutoa majibu yasiyoaminika. Asembo ni nchi ya Wakatoliki wengi, na mama anayemheshimu padri wake hastahili kudharauliwa akiuliza. Mimi humjibu kwa kilicho mbele ya macho yake. Td hupewa wanawake ambao tayari wana mimba. Mimba hizo zinaendelea, watoto wanazaliwa, na mwaka wa tatu mama huyo huyo anarudi na mimba nyingine kudungwa dozi inayofuata. Aangalie kwenye benchi la kliniki aliloketi, awahesabu. Chanjo za kuahirisha ukiwa mjamzito zipo, na ni zile zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama ya surua na rubela. Td haina kijidudu hai hata kimoja. Inachoacha ni mkono unaouma siku moja au mbili, na pengine homa ndogo.

Ukitaka kuwa na hakika zaidi, mwombe muuguzi akuonyeshe kichupa kabla hajavuta dawa. Kina alama ya duara la zambarau lenye mraba mdogo ndani. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto tangu ilipotoka kiwandani. Joto likizidi, mraba hukolea. Ukifanana na duara au ukawa mweusi zaidi, kichupa hicho hakitumiki. Umeme ukipotea kwa muda mrefu au sanduku la barafu likikaa juu ya bodaboda kwenye jua la mchana, alama hiyo ndiyo husema ukweli. Kuiulizia si utovu wa adabu, na muuguzi mzuri hufurahi kuonyesha.

Najua kikwazo kikubwa zaidi ya uvumi ni muda. Mwanamke anayenunua samaki ufukweni Asembo Bay hawezi kuziacha mashua zinapofika alfajiri akaketi kliniki hadi saa sita. Omena ikilala, mtaji umelala. Lakini omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mpevu taa haivuti samaki, mapato hushuka na mashua nyingi hupumzika. Panga kliniki yako siku hizo. Kutoka mwezi mpevu mmoja hadi mwingine ni siku 29 au 30, na Fansidar inataka angalau siku 28. Mwambie muuguzi jambo hili anapokuandikia tarehe, naye atakuandikia inayokufaa. Usianze mwezi wa saba. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza ziara nane, ya kwanza kabla ya wiki 12. Anayefika mara ya kwanza mimba ikiwa kubwa hupata dozi moja ya kila kitu na mtoto huzaliwa kabla ya ya pili.

Ninyi akina baba, nauli ya bodaboda siku ya kliniki ni sehemu ya chanjo. Nawe mama mkwe, ambaye ndiwe unayeamua mengi katika boma hata kama hakuna anayekiri, una kazi moja kubwa mtoto akishazaliwa: kulinda kitovu. Kisipakwe majivu, wala mate, wala kinyesi cha ng'ombe, wala dawa ya mitishamba. Kiachwe kikavu na safi, au kipakwe klorheksidini iliyotolewa na kliniki, basi. Na yale maziwa ya kwanza mazito ya rangi ya njano, ambayo baadhi ya wazee wetu waliyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu, mtoto ayapate ndani ya saa ya kwanza. Yana kingamwili za aina nyingine, zinazokaa kwenye koo na utumbo na kuzuia vijidudu visishike. Baada ya hapo ni ziwa peke yake kwa miezi sita, bila maji wala uji.

Wiki sita zikifika, usichelewe hata kwa wiki moja. Td ya mama haina kinga ya kifaduro, ugonjwa wa kikohozi kinachomziba mtoto mchanga pumzi. Uingereza imewachanja wajawazito dhidi ya kifaduro tangu Oktoba 2012, baada ya mlipuko ulioua watoto wachanga, na watoto wao wakaanza kulindwa tangu siku ya kwanza. Chanjo hiyo haimo katika ratiba yetu ya umma. Mtoto wa Asembo anaanza kukingwa na kifaduro kwa sindano ya wiki sita, kisha ya wiki 10 na ya 14, na siku hizo hizo hupata za nimonia na rotavirusi. Mtoto wa mama mwenye HIV, aliyezaliwa na kingamwili chache, ndiye asiyepaswa kukosa kabisa. Ukifika ukaambiwa chanjo fulani imeisha, kama ilivyotokea kwa BCG mwaka 2025, uliza itafika lini, acha namba ya simu, na umwombe mhamasishaji wa afya wa kijiji chako akufuatilie.

Akina mama pia huuliza kwa nini chanjo ya surua inangoja miezi tisa. Sababu ni zile zile kingamwili ulizompa: zikiwa bado nyingi katika damu yake huipiga chanjo kabla haijafanya kazi. Zikishaisha, chanjo inashika. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye HIV hupewa dozi ya ziada akiwa na miezi sita, kwa kuwa zake huisha mapema. Kinga ya malaria uliyomgawia nayo hufifia katika miezi hiyo hiyo, na ndiyo maana katika kaunti za ziwa chanjo ya malaria, iliyozinduliwa Kenya huko Homa Bay Septemba 2019, huanza miezi sita, kisha ya saba na ya tisa, na dozi ya nne baadaye. Wazazi wengi huisahau hiyo ya nne kwa sababu mtoto anatembea na anaonekana mzima.

Iko pia chanjo mpya ya mjamzito dhidi ya RSV, virusi vinavyowajaza watoto wachanga wodini kwa shida ya kupumua. Watafiti wa Kilifi wamevifuatilia virusi hivyo kwa zaidi ya miaka 20. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha ubora wa chanjo hiyo Machi 2025. Ninapoandika haya haijaingia katika ratiba ya Kenya, na naamini watoto wa ukanda wetu wanapaswa kuwa wa kwanza ikiingia. Kwa sasa, mtoto wa chini ya miezi miwili akipumua haraka, kifua kikibonyea, akiwa moto au baridi isiyo ya kawaida, au akikataa ziwa, usingoje asubuhi. Mpeleke Lwak au Madiany usiku huo huo. Wakikuandikia rufaa ya hospitali ya Jaramogi kule Kisumu, uende.

Kama mimba yako imepita wiki 13 na hujaonana na muuguzi, nenda wiki hii. Beba kijitabu chako cha zamani kama kipo. Omba Td, omba neti, omba kupimwa HIV, meza Fansidar yako pale pale au useme unatumia Septrin, na usiinuke kwenye kiti kabla tarehe ya kurudi haijaandikwa. Td, Fansidar na neti havilipiwi katika kituo cha serikali. Ukidaiwa pesa kwa ajili yake, kataa na umwone msimamizi wa kituo.